Hisia, Uamuzi, Mwili na Moyo: Tofauti za Maana katika Maneno ya Kiingereza ya Ukosefu wa Hamasa

1. Utangulizi

Kiingereza kina maneno kadhaa yanayotaja ukosefu wa hamasa, yakiwamo 'apathy', 'indifference', 'lethargy', 'listless', 'half-hearted' na 'lukewarm'. Ni rahisi kwa mfasiri kuyakusanya yote chini ya maneno mawili ya Kiswahili, uvivu na kutojali. Makala haya yanadai kuwa kinachoyatofautisha zaidi si kiwango cha ukosefu huo, bali mahali ulipo: katika hisia, katika uamuzi, katika mwili, au katika moyo wa kutenda. Mfasiri asipopatambua mahali hapo, humtwika mtu lawama isiyo yake au humvua iliyo yake.

2. Hisia na uamuzi

'Apathy' linatokana na neno la Kigiriki apatheia, yaani kutokuwa na pathos, hisia kali. Kwa wanafalsafa wa Kistoa hali hiyo ilikuwa fadhila, kwani mwenye hekima hatawaliwi na mihemko. Katika Kiingereza cha leo neno hilo hutaja upungufu: jambo linalostahili kumgusa mtu halimgusi.

'Indifference' lina asili ya Kilatini na kiini chake ni kutotofautisha. Katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha 1662, kielezi 'indifferently', kinapohusu utoaji wa haki, kina maana ya bila upendeleo. Maana hiyo sasa imefifia na ile ya kutojali ndiyo inayotawala. Hata hivyo, wazo la mizani isiyoelemea upande wowote halijatoweka. Mpigakura mwenye 'apathy' haendi kituoni kwa kuwa uchaguzi wenyewe haumgusi. Mwenye 'indifference' baina ya wagombea wawili huenda akapiga kura, ila kwake yeyote atakayeshinda ni sawa. Kwa wa pili, kauli 'kwake yote ni mamoja' inatosheleza. Kwa wa kwanza, 'kutoguswa' ni karibu zaidi na maana kuliko 'uvivu'.

3. Mwili

'Lethargy' limebeba ndani yake neno la Kigiriki lethe, usahaulifu, na tangu kale lilitumika katika utabibu kutaja usingizi mzito wa maradhi. 'Listless' limeundwa kwa 'list', neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya hamu, na kiambishi cha kukanusha. Anayeelezwa hivyo hakatai kazi. Hamu yenyewe imemtoka, aghalabu kwa uchovu, ugonjwa au huzuni.

Hapa kosa la tafsiri lina gharama kubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF kuhusu matibabu ya watoto wagonjwa wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 5 unaitaja hali ya kuwa 'lethargic' miongoni mwa dalili kuu za hatari. Mtoto wa namna hiyo 'amelegea', au 'amezubaa wala hafuatilii yanayomzunguka'. Akiitwa 'mvivu', dalili inageuka kuwa tabia, na anayepaswa kukimbizwa hospitali anaweza kuachwa nyumbani. Uvivu humdai mtu uwezo ambao hautumii. Kulegea na kunyong'onyea hakumdai kitu.

4. Moyo wa kutenda

Tofauti na maneno yaliyotangulia, 'half-hearted' huambatana na kitendo: juhudi ipo, ila moyo haumo wote. Msemo 'shingo upande' huonekana kuwa kisawe chake, lakini anayekubali shingo upande ana jambo analolipinga ndani yake. Juhudi iliyo 'half-hearted' haihitaji upinzani wowote. Kwa kazi iliyofanywa hivyo, 'ilimradi' au 'bora liende' huafiki zaidi.

'Lukewarm' hutumia sitiari ya joto, na Kiswahili kina sitiari hiyo hiyo. Tafsiri ya Biblia ya Union Version hutumia 'uvuguvugu' katika Ufunuo 3:16, kwa maana ya imani isiyo moto wala baridi. Hata hivyo, mzizi huo huo umezaa 'vuguvugu la mageuzi' na 'vuguvugu la kudai uhuru', ambapo maana ni hamasa inayopanda. Maji ya vuguvugu yanaweza kuwa yanapoa au yanapata moto, na Kiswahili kimezitumia njia zote mbili. Sentensi 'wananchi waliupokea mpango kwa vuguvugu' kwa hiyo inaweza kusomwa kinyume cha makusudio. 'Waliupokea kwa ubaridi kiasi' haina utata huo.

5. Hitimisho

Mfasiri na mtunzi wa kamusi wanaweza kujiuliza maswali matatu. Je, mtu huyu ametenda? Kama hajatenda, je, alikuwa na uwezo? Kama alikuwa na uwezo, je, hakuguswa, au aliona pande zote kuwa sawa? Majibu ndiyo yatakayoonyesha kama neno la Kiswahili linalofaa ni la lawama, la maelezo, au la huruma.