"Yeye" ni nani? Kumlea mtoto katika Kiingereza chenye adabu

Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika neno "yeye". Kiingereza hudai jambo hilo lijulikane tangu mwanzo: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke. Hapo ndipo vijana wetu wengi huteleza.

Darasani, kosa hilo hugharimu alama moja. Nje ya darasa, gharama yaweza kuwa kubwa. Mfikirieni kijana anayemfasiria bibi yake kwa daktari mgeni. Bibi aeleza kwamba mumewe ana kisukari, na kwamba yeye mwenyewe ana shinikizo la damu. Kijana akichanganya "he" na "she", maradhi ya babu yataandikwa katika faili la bibi.

Maneno "his" na "her" nayo yana mtego wake. Kwetu, "-ake" hufuata ngeli ya kitu: kitabu chake, nyumba yake. Kwao, neno humfuata mwenyewe. Basi kaka yake Amina ni "her brother", ingawa kaka ni mwanamume.

Nahau zahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa haziendi kwa sarufi pekee. Mtu akijikwaa, sisi humwambia "pole". Kijana akimwambia mgeni "sorry", huenda akajibiwa kwamba kosa si lake, afadhali amuulize, "Are you all right?" Msibani, hata hivyo, "I am sorry for your loss" ni kauli ya heshima. Na yule aliyekariri kwamba "kick the bucket" maana yake ni kufa, ajue kuwa hayo ni maneno ya mzaha. Kuyaandika katika barua ya rambirambi ni kuwatonesha wafiwa kidonda. Kinacholingana na kufariki ni "pass away".

Mzazi asiyekijua Kiingereza aweza kusaidia. Ajifunze "he" na "she" tu, kisha amtake mtoto asimulie habari za mjomba na shangazi. Akisikia shangazi amegeuzwa mwanamume, amsimamishe kwa upole, arudie. Ama nahau mpya, mtoto asiandike maana yake peke yake katika daftari. Aandike pia husemwa na nani, na mbele ya nani.