Majani Yanapojikunja, Tusikimbilie Dawa



Wale mliokuwa nasi mwaka jana mnaikumbuka bustani yetu ndogo ya nyuma ya darasa, ile iliyobanwa kati ya mawe mawili makubwa. Igogo yetu ni ya mawe, na udongo wa kujazia matuta tuliubeba kwa ndoo kutoka bondeni. Tulipanda mchicha, sukuma wiki na nyanya, na pembeni tukaweka mistari minne ya muhogo kwa ajili ya kisamvu. Haukupita muda, majani ya muhogo yakaanza kujikunja. Tulidhani ni kiu, tukazidisha maji. Yakazidi kujikunja. Tukanunua dawa ya wadudu kwa fedha za mfuko wa madrasa, tukapuliza mara mbili, tukawakataza watoto kuchuma kisamvu, na muhogo ukabaki vile vile. Tumeandika makala hii ili tueleze tulipokosea, maana kosa lenyewe halikuishia bustanini kwetu.

Kwanza ifahamike kwamba kujikunja kwa jani si ugonjwa. Ni dalili, mfano wa homa kwa binadamu. Homa huletwa na malaria, huletwa na mafua, huletwa hata na kidonda kilichooza. Anayempa kila mwenye homa dawa ile ile hatumwiti tabibu. Sisi tulifanya hivyo hivyo kwa muhogo.

Mwenye kutaka kujua sababu aanze kwa kuligeuza jani. Wengi wetu hutazama upande wa juu tu, ilhali wadudu wengi hukaa upande wa chini, ambako jua na mvua haviwafikii. Sukuma wiki iliyojikunja kuelekea chini, ukiigeuza, mara nyingi utakuta vidukari wamejazana kama ufuta. Jani litakuwa linanata, kwa sababu vidukari hunyonya utomvu na kutoa maji matamu. Sisimizi huufuata utamu huo, na huwalinda vidukari dhidi ya maadui wao kama mchungaji na mbuzi wake. Kwa hiyo ukiona msafara wa sisimizi unapanda na kushuka kwenye shina, usiwalaumu sisimizi, fuata waendako. Tiba yake ni nyepesi: kuwarushia maji kwa nguvu, au maji yenye sabuni kidogo, na kuyaondoa majani yaliyozidiwa.

Ukikuta vidoadoa vya njano na utando mwembamba, huyo ni utitiri. Utitiri hauhesabiwi katika wadudu. Una miguu minane, nao ni wa jamii ya buibui. Ndiyo sababu dawa nyingi za wadudu haziuwezi. Tena huwaua wale wanaoula, na utitiri ukazidi baada ya kupuliza kuliko kabla. Hapa Mwanza uangalie khaswa wakati wa kiangazi, kuanzia Juni.

Nyanya ina mambo yake. Majani yake ya chini yakijikunja kwenda juu siku za jua kali, nayo ni ya kijani safi na mche unaendelea kukua, hapana ugonjwa. Mche unajihifadhi maji yake. Lakini majani machanga ya kileleni yakiwa madogo, yamekunjika kama kijiko, kingo zake za njano, na mche umedumaa, basi hivyo ni virusi vinavyosambazwa na inzi weupe. Mche huo hauponi, ung'olewe. Na pakiwa na mabaka meupe yanayopitisha mwanga, kisha jani likakauka kama lililounguzwa, huyo ni kantangaze, kiwavi aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana nchini kwetu mwaka 2014. Hukaa ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini. Mchicha hatuna haja ya kuueleza sana: jani likikunjwa na kushonwa kwa nyuzi, lifungue, utamkuta kiwavi amelala humo.

Sasa turudi kwenye muhogo. Afisa ugani mmoja aliyepita kwetu hakutuuliza tumepuliza dawa gani. Alituuliza swali moja tu: katika mche huu, jani lililotangulia kuugua ni lipi? Hatukuwa na jibu. Akainama, akatuonyesha. Majani yalikuwa na mabaka ya njano na kijani yaliyochanganyika, yamepinda, upande mmoja mdogo kuliko wa pili. Huo ndio ugonjwa wa batobato, nao pia huletwa na virusi vinavyobebwa na inzi weupe. Lakini muhogo hatuupandi kwa punje, twaupanda kwa pingili za shina, na pingili ikiwa na virusi, mche huzaliwa mgonjwa. Mche wa namna hiyo huugua tangu majani yake ya kwanza kabisa, yale ya chini. Mche uliopandwa mzima kisha ukaambukizwa na inzi, majani yake ya chini huwa safi na ya juu ndiyo yenye mabaka. Ni lazima utazame mapema, kabla majani ya chini hayajapukutika. Yetu yaliugua tangu chini. Maana yake tuliupanda ugonjwa kwa mikono yetu, na dawa tuliyopuliza haikuwa na kazi, kwa kuwa hakuna dawa ya dukani inayoponya virusi vya mmea.

Na hapa pana jambo la kusikitisha kidogo, au la kuchekesha. Virusi vya batobato havimdhuru binadamu. Kisamvu kile kilikuwa chaliwa bila ya wasiwasi mpaka pale tulipokitia sumu sisi wenyewe.

Ugonjwa huu si mgeni. Uliandikwa kwa mara ya kwanza katika milima ya Usambara mwaka 1894. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Amani, huko huko Usambara, walikuwa wakitafuta muhogo unaouvumilia. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ukazuka nchini Uganda kwa ukali mpya, kutokana na kuchanganyika kwa aina mbili za virusi. Wakulima wengi waliacha kupanda muhogo na njaa ikaingia. Mwaka 1999 ulikwishafika Kagera, ukashuka ukanda huu wa ziwa.

Unaye na mwenzake, michirizi ya kahawia, ambao ni hatari kwa sababu hauonyeshi makunyanzi. Jani hubaki limenyooka, lina unjano kandokando ya mishipa tu, na lile la chini zaidi kuliko la juu. Mwenye shamba hufurahi, kumbe chini ya ardhi muhogo umeoza, una madoa magumu ya kahawia. Zamani ulikuwa wa pwani. Tangu mwaka 2004 ulianza kuonekana Uganda, kisha ukaenea huku kwetu kwenye miinuko. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kinashughulika na magonjwa haya mawili, na huko ndiko kwa kuulizia mbegu inayovumilia.

Tumebakiza kulisema lile zito. Kabla ya afisa yule kuja, tulikata pingili katika mihogo ile ile na kuwagawia wanafunzi wapeleke nyumbani, tukiona tunatoa kitu cha kheri. Familia kumi na moja zilipokea. Tumekwenda kwa tisa, na saba kati ya hizo tumeng'oa mihogo pamoja na wazazi. Mbili zimebaki hatuzijui, kwa kuwa hatukuandika majina, na baadhi yenu mmeshahama darasa.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu mlipokea pingili za madrasa, nendeni leo mkatazame majani ya chini. Mkiona mabaka na kupinda, mng'oe mche mzima, na msimpe jirani hata kijiti kimoja. Mihogo yetu tumekwishaing'oa. Kabla ya mvua za vuli tutapanda upya, in shaa Allah, na atakayetuletea pingili tutamwomba atupeleke kwanza kwenye mche mama ungali na majani yake, na atukubalie tuchimbe muhogo mmoja tuukate tuuone ndani.