Kibondo na Kasulu hakuna reli: namna ya kupanga safari fupi ya treni ukiwa peke yako

Ramani ya reli ya Tanzania ukiiangalia kwenye simu utaona mstari unaotoka Dar es Salaam, unapita Morogoro, Dodoma na Tabora, halafu unashuka hadi Kigoma. Kasulu haimo. Kibondo haimo, wala Kakonko. Sisi wa nyanda za juu treni tunaifuata bondeni, na hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia: si ndani ya behewa, bali kati ya stendi ya basi na dirisha la tiketi.

Makala haya ni kwa mtu anayesafiri peke yake kwa siku tatu au nne. Huenda unakwenda kumwona ndugu Tabora, au kutafuta bei ya maharage Kaliua, au hujawahi kupanda treni maishani na unataka kuipanda. Asiye na mwenzake wa kumlindia mzigo, au wa kumkopesha nauli akikwama, hana budi kupanga zaidi ya anayesafiri na kundi.

Kwanza, kwa nini reli haikupanda huku

Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani. Walianzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912, na mwezi Februari 1914 reli ikagusa Kigoma. Njia yote ni kilomita 1,250 hivi, na reli zenyewe zimeachana kwa mita moja.

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1,200. Basi lenye matairi ya mpira linapanda mlima kwa sababu mpira hushika barabara. Gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma, na chuma huteleza. Ndiyo maana wahandisi wa reli ya kawaida hupendelea mwinuko usiozidi mita 2 hivi kwa kila mita 100. Zipo nchi za milima zilizoshinda jambo hili. Uswisi wana reli yenye meno katikati, ile ya mlima Pilatus iliyofunguliwa mwaka 1889, ambayo hupanda hadi mita 48 kwa kila mita 100. Lakini hiyo ni reli fupi ya kubeba watalii, haiwezi kubeba shehena ya mahindi.

Kwa hiyo Wajerumani walifuata mabonde: Luiche upande wa Kigoma, kisha Uvinza na nchi ya mto Malagarasi. Uvinza ilikuwa na sababu nyingine pia, nayo ni chumvi. Chemchemi zake zilikuwa zikichemshwa na wenyeji karne nyingi kabla ya mkoloni, na mzigo wa chumvi ni mzigo unaolipa reli.

Milima ikabaki bila reli, ila watu wake waliijua reli vizuri. Katika miaka ya ukoloni maelfu ya vijana wa Buha walishuka kwa miguu kwenda kuchukuliwa kama manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ya kuwakusanya ilifanywa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Babu wengi wa huku safari yao ya kwanza ya treni ilikuwa hiyo, na si wote waliorudi.

Utashukia wapi kuipata treni

Kutoka Kasulu njia iliyozoeleka ni basi au Noah hadi Kigoma mjini kupitia Kidahwe. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu ni kilomita 63, na barabara sasa ni ya lami, tofauti na miaka ile ya tope tuliyoizoea. Stesheni ya Kigoma iko mwisho wa barabara ya Lumumba, karibu na bandari. Jengo lake ni lile la Wajerumani. Meli ya Liemba nayo ilikuja kwa reli hii ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915.

Njia ya pili ni kushukia Uvinza kwa barabara inayochepuka Kanyani. Kwenye ramani inaonekana ya mkato. Kwa msafiri wa peke yake sisi hatuipendekezi sana, kwa sababu mbili. Treni inayotoka Kigoma hufika Uvinza ikiwa tayari na watu, na nafasi za stesheni za njiani huwa chache. Tena treni ikichelewa, Kigoma utapata chakula na nyumba ya wageni ya bei yoyote bila kuhangaika.

Msikilizaji wa Kibondo, hesabu yako ni tofauti. Hadi Kigoma una kilomita zaidi ya 200 kabla hujaiona treni. Kama mwisho wa safari yako ni Tabora, fikiria mzunguko: nenda kwa basi kupitia Nyakanazi, Kahama na Nzega hadi Tabora, halafu rudi kwa treni hadi Kigoma na upande basi la kukurudisha nyumbani kupitia Kasulu. Utapita njia mbili kwa safari moja, na treni utaipanda ukiwa umeshamaliza shughuli zako. Ikichelewa unarudi nyumbani kwa kuchelewa, lakini hukukosa msiba wala mnada.

Panga kuanzia mwisho

Watu wengi huanza kwa kuuliza "nitaondoka lini?" Anza na siku ambayo ni lazima uwe umerudi, kisha hesabu kurudi nyuma. Treni ya abiria ya Kigoma haiendi kila siku. Ina siku zake katika wiki, na siku hizo Shirika la Reli Tanzania (TRC) huzibadilisha, hasa mvua zinapoharibu njia. Kwa hiyo usitegemee ratiba uliyoikuta kwenye picha ya mwaka juzi inayozunguka kwenye makundi ya simu. Piga simu ya huduma kwa wateja ya TRC, au mwombe mtu aliyeko Kigoma aulize dirishani. Uliza mambo matatu: siku za kwenda, siku za kurudi, na kama kuna safari iliyofutwa.

Tuseme treni inaondoka Kigoma mara mbili kwa wiki. Ukiikosa ya kwanza utasubiri siku mbili tatu, ukilala na kula mjini. Hela hiyo mara nyingi inazidi tofauti yote ya nauli kati ya treni na basi. Kwa hiyo mtu wa Kibondo asiondoke siku ileile ya treni. Ashuke jana yake. Mtu wa Kasulu anaweza kushuka asubuhi kama treni inaondoka jioni, ila masika na ashuke jana yake vilevile.

Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kilomita zaidi ya 400. Mambo yakienda vizuri ni kama nusu siku. Weka saa kadhaa za ziada, na usimwahidi mtu kukutana naye saa fulani kamili.

Saa za tiketi si saa za nyumbani

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloacha watu. Tiketi huandikwa kwa saa 24. Ikiandikwa 08:00 si saa 8 mchana, ni saa 2 asubuhi. Anayeisoma kwa mazoea ya nyumbani atafika saa sita baada ya treni kuondoka.

Hesabu iko hivi. Kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa 6, kwa hiyo 16:00 ni saa 10 jioni. Kuanzia 19:00 hadi 24:00 toa 18, kwa hiyo 20:00 ni saa 2 usiku. Baada ya usiku wa manane hadi 06:00 ongeza 6, kwa hiyo 01:00 ni saa 7 usiku.

Na tarehe nayo inageuka. Kwetu usiku ni wa siku iliyopita: tunasema saa 7 usiku wa Alhamisi. Tiketi inahesabu kwamba siku mpya imeanza usiku wa manane, kwa hiyo saa hiyo imeandikwa Ijumaa, 01:00. Ukienda kusubiri Nguruka Ijumaa usiku, treni ilipita jana. Unapokata tiketi ya stesheni ya njiani mwambie karani kwa maneno yako: "Yaani usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa?" Akikubali, andika hivyohivyo nyuma ya tiketi.

Daraja, tiketi na kitambulisho

Daraja la tatu ni la kukaa na ndilo la bei nafuu. Lipo daraja la pili la kukaa, na yapo ya kulala. Kwa desturi ya reli hii, chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, na wanaume hawachanganywi na wanawake isipokuwa familia imekata chumba kizima. Kwa dada anayesafiri peke yake usiku, ushauri wetu ni kulipia kitanda hata kama itabidi kujibana kwingine. Utafunga mlango, utajinyoosha, na wenzako watano watalinda mzigo ukienda msalani.

Kata tiketi dirishani au kwa utaratibu wa malipo unaopewa na TRC yenyewe. Anayekufuata nje ya stesheni akisema nafasi zimeisha ila yeye anayo moja, mwache apite. Ulizia na tiketi ya kurudi mapema, kwa sababu mwisho wa mwaka na shule zinapofungwa ndipo watu hukwama Tabora.

Kitambulisho usikiache. Mkoa wetu uko mpakani, na kwenye barabara ya Kibondo, Kasulu hadi Kigoma magari husimamishwa na abiria huulizwa. Beba kitambulisho cha NIDA. Kama bado hujakipata, beba ulichonacho, kwa mfano kadi ya mpiga kura pamoja na barua ya serikali ya kijiji. Ukishushwa kwenye basi kwa maelezo ya saa mbili, treni haitakusubiri. Kwa mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta, kutoka kambini kunahitaji kibali. Bila hicho safari isianze.

Ndani ya behewa

Njiani kuna Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo na Usoke kabla ya Tabora. Chakula hakipungui. Stesheni nyingi wanawake huleta wali, samaki na ndizi hadi dirishani, na wafanyabiashara waliotoka Kigoma na dagaa na mawese watakuwa wamejaza kila pembe. Beba maji ya kutosha na noti ndogo ndogo, kwa sababu anayeuza dirishani hana muda wa kutafuta chenji.

Usiku ukiwa dirishani usiongee na simu treni ikiwa imesimama. Mkono wa mtu wa nje unafika, na treni ikianza kuondoka huwezi kumfukuza. Pesa zigawe: za njiani mfukoni, nyingine mwilini, nyingine kwenye simu. Chaji ya simu itunze, kwani kuna pori refu ambako mtandao hupotea. Mtumie ndugu mmoja namba ya behewa na kiti kabla hujaondoka Kigoma.

Wakati wa kurudi kuna mtego mmoja. Tabora ndiko njia zinakogawanyika: moja huenda Mwanza, nyingine Kigoma, na tawi la Mpanda linachepuka Kaliua. Mabehewa hukatwa na kuunganishwa huko, wakati mwingine abiria wamelala. Usikubali jibu la "ni hii hii". Muulize mkaguzi wa tiketi, "Behewa hili linafika Kigoma?"

Kuhusu reli mpya

Wengi mnauliza kama msubiri SGR. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na mwezi Januari 2025 ukasainiwa mwingine wa reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi. Hiyo ya pili itaisogeza reli karibu na milima kuliko wakati wowote tangu 1914. Kwa safari ya mwezi ujao, hata hivyo, treni yako ni ileile ya reli ya mita moja, na simu ya kwanza ya kupiga ni ya kuuliza siku.