INPP si ya walioanguka mtihani



Tangu sisi wa mwaka wa mwisho tuanze kuzungumza juu ya maisha ya nyuma ya diploma, tunasikia neno moja jioni: "INPP ni ya wale walioanguka." Sisi tunasema hapana, na tunaomba mtusikilize kidogo.

INPP ni chuo cha Leta cha kutayarisha watu kwa kazi. Kiliundwa tarehe 29 Juni 1964. Wakati ule uhuru ulikuwa na miaka minne tu. Mafundi wengi wa kigeni walikwisha kwenda, mashine zikabaki. Kwa hiyo hakikuundwa kuchukua nafasi ya shule. Kazi yake ni kumshika mkono mtu aliye kazini tayari, ao kijana anayetafuta kazi, mpaka mikono yake izoee.

Na feza? Waajiri wanalipa kila mwezi kwa kadiri ya mishahara. Kampuni ya mtu binafsi yenye wafanyakazi wasiopita 50 inatoa 3 kwa mia. Ile inayopita 300 inatoa 1 kwa mia. Angalieni vizuri jambo hili: tajiri akilipa, anataka kuona fundi. Ndiyo maana mafundisho ya kule yanafuata kazi yenyewe.

Shule yetu iko upande mwingine. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, Kanisa linaongoza shule, na Leta inaweka programu na mtihani. Diploma inaonyesha kwamba umeelewa mchoro, hesabu, na sababu moteri inazunguka. Lakini tuseme kweli: katika atelie yetu tuko na moteri moja, na sisi wengi tumeizunguka, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao. Mwaka jana wenzetu wawili walikwenda kufanya staji kwenye garaji moja. Walifagia, walichota maji, hawakugusa hata bujia. Karatasi yao ya staji ilirudi na muhuri mzuri kabisa!

Hiyo ndiyo tundu ambayo shule na INPP wanaweza kuziba pamoja, kila mmoja akileta chake. Wala si jambo geni kwetu Waprotestanti wa mto huu. Kule Yakusu, karibu na Kisangani, Daktari Chesterman wa misheni ya Wabatisti alifika mwaka 1920. Alifundisha vijana kazi ya uuguzi, nao wakaenda katika vijiji kupigana na ugonjwa wa malale. Kijana hakusoma juu ya sindano tu. Aliishika, na mgonjwa alikuwa mbele yake.

Ofisi ya INPP ya jimbo letu iko Kisangani. Toka hapa Basoko ni kupanda mto, na kupanda mto ni feza, hilo tunalijua. Lakini hata hapa wilayani kazi iko: kule Lokutu kwenye michikichi, kiwanda cha mafuta hakiendi bila watu wa moteri na wa umeme.

Basi tumeandika barua kuomba kwamba shule na INPP wapatane juu ya staji kabla hatujatumwa: tutafanya nini, kwa juma ngapi, na nani atatuangalia. Iko kwa Prefe wa masomo. Wa sehemu ya ufundi waje kutia sahihi mbele ya Ijumaa, nyuma ya sala ya asubuhi.