Majina ya Maradhi na Uchunguzi wa Miti ya Dawa

Miaka michache iliyopita nililetewa karatasi ya maswali na wachunguzi wa miti ya dawa, nikaombwa niusahihishe Uswahili wake kabla haijapelekwa kwa waganga wa pwani. Sarufi yake ilikuwa safi. Swali la kwanza liliuliza, "Watumia miti gani kutibu uvimbe?" Nilirekebisha nukta mbili tatu, nikairudisha. Sasa najuta, maana swali lile lilikuwa na kosa lisilo la sarufi, nami sikuliona. Kosa hilo ndilo nikusudialo kulieleza hapa.

Jambo walilolitafuta wachunguzi wale ni lile ambalo Waingereza na Wafaransa huliita kwa neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kuwasha moto. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alilitaja kwa dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Leo twajua ya kuwa dalili hizo ni kazi ya mwili wenyewe. Mahali palipoumia au palipoingiliwa na vijidudu, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha maji, na chembe nyeupe za damu hukimbilia hapo kupigana. Kazi hiyo ni ya kuponya. Lakini isipokoma huharibu kile kile ilichokuja kukilinda. Dawa zilizopo hutuliza, lakini zina madhara yake: zile za jamii ya aspirini zikitumiwa muda mrefu huweza kutia vidonda tumboni. Ndiyo sababu nyingine zingali zikitafutwa.

Basi uvimbe ni dalili moja tu katika nne. Mganga akiulizwa dawa ya uvimbe, atafikiri habari za busha, matende, mtoki, jipu, hata donge la saratani, na kwa kila moja atakuwa na mti wake. Wachunguzi watarudi na magunia ya majani, na mengi katika hayo hayatakuwa na uhusiano na neno walilokuwa nalo moyoni. Na yale waliyoyataka watayaacha nyuma, kwa kuwa yamehifadhiwa chini ya majina mengine: kichomi, jongo, tambazi, na zaidi ya yote, baridi yabisi.

Jina hili la mwisho lastahili kutazamwa kwa makini. Maneno yake yote mawili yana asili ya Kiarabu, na yabisi maana yake ni kavu. Katika tiba ya Wayunani iliyopokewa na Waarabu, ambayo Ibn Sina aliieleza kwa urefu katika Qanun yake mwanzoni mwa karne ya 11, miili, vyakula na dawa hupimwa kwa tabia nne: moto na baridi, umajimaji na ukavu. Tiba hiyo ilifika pwani yetu pamoja na vitabu na wasomaji wake, ikaacha maneno. Hivyo maradhi ambayo kwa Kilatini ni moto, kwa Kiswahili ni baridi. Na kwa kuwa baridi huondolewa kwa moto, mgonjwa husuguliwa kwa mafuta ya karafuu na kunyweshwa tangawizi. Mfasiri akijaribu kuwa mwaminifu kwa Kilatini, akauliza dawa za kupoza moto wa mwilini, ataambiwa vitu vya kupoza, na hizo za moto hazitatajwa kamwe. Tena dawa za moto si upuuzi: kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, hutiwa katika marhamu za kupaka viungo viumavyo, nazo huuzwa katika maduka ya dawa.

Historia ya aspirini yenyewe yatufunza jambo hilo hilo. Mwaka 1763 kasisi wa Kiingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society ya London kwamba amewapa watu wapatao 50 wenye homa za vipindi unga wa magome ya mwerebi, mti uotao kando ya maji, nao wakapata nafuu. Alitafuta dawa ya homa, basi. Ilipita miaka 113, mpaka mwaka 1876, ndipo Thomas MacLagan, tabibu wa Dundee, alipoeleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa homa ya viungo kwa salisini, kiini kitokacho katika magome ya mti huo. Aspirini ilitengenezwa katika kampuni ya Bayer mwaka 1897, na mwaka 1971 John Vane alionyesha ifanyavyo kazi: huuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, ambazo huchangia homa, maumivu na uvimbe pia. Lau Stone angaliulizwa dawa ya uvimbe, angalisema hana.

Tangawizi nayo imeonekana katika maabara kuzuia prostaglandini hizo hizo. Ila kuzuia ndani ya kichupa si kumponya mtu. Hayo yalidhihirika katika manjano, ambayo kiini chake, kakumini, kilichunguzwa na wengi kwa miaka mingi, hata tathmini ya wanakemia iliyotolewa mwaka 2017 ikaonya kuwa kiini hicho hakidumu, hakiingii vema katika damu, na hudanganya vipimo vya maabara.

Manjano yatuingiza katika majina ya mimea, ambayo ni msitu mwingine. Mahali pengine mtu akisema binzari hukusudia manjano. Pengine hukusudia mchanganyiko wa viungo vya mchuzi, na binzari nyembamba ni kitu kingine kabisa. Hapo kosa huharibu chakula tu. Lakini mti uitwao mwarobaini, *Azadirachta indica* wa wataalamu wa mimea, huitwa mkilifi katika pwani ya Kenya, na baadhi ya watu huuita mwarobaini kamili ili kuutenga na mwarobaini nusu, yaani *Melia azedarach*, unaofanana nao. Matunda ya huo nusu yana sumu. Mwandishi aliyeliacha neno moja la mwisho kwa kuona ni pambo ameandika mti mwingine.

Wafasiri wengine wa vitabu vya afya wamechagua neno mchochota, kutokana na kuchochota, na mimi silipingi. Kitabu chahitaji neno moja lenye maana moja. Bali neno la kitabuni halifai kuwa neno la kuulizia. Mganga aulizwe hali: kiungo chauma namna gani, kina joto kikiguswa, ngozi imebadilika rangi, maumivu hutulia au hutambaa, huzidi asubuhi au usiku. Kisha atoe jina lake mwenyewe, liandikwe kama alivyolitamka, na tawi la mti likaushwe na kupelekwa kwa wataalamu, kama wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Nairobi, ili jina na mti visitengane.

Nimeanza kukusanya majina ya maradhi ya viungo na ya ngozi kutoka Lamu hadi Kilwa. Mpaka sasa tambazi ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwani kila niliyemwuliza amenionyesha sehemu nyingine ya mwili. Wasomaji wanaolisikia katika mazungumzo ya kila siku nawaomba waniandikie limetumiwa wapi, na nani, na kwa maumivu ya namna gani.