Paka mweusi wa Lipingo

Juzi nilikuwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Pale usipa huanikwa kwa wingi, na penye usipa panya hawakosi. Kwa hiyo paka ni mlinzi wa riziki. Hata hivyo nilimkuta mama mmoja amemfungia mtoto wa paka ndani ya kikapu, tayari kwenda kumtosa ziwani.

"Mama yake ana michirizi, baba yake ana michirizi," aliniambia. "Huyu mweusi katoka wapi, mwanangu, kama hakutumwa?"

Swali lake ni la haki, na jibu lipo.

Ukichomoa unywele mmoja wa paka mwenye michirizi utaona una rangi kwa zamu: mahali cheusi, mahali umanjano, kisha cheusi tena. Iko chembe ya urithi inayouamuru unywele ubadili rangi wakati unaota. Kila paka anazo mbili, moja ya mama na moja ya baba, na ikiwepo hata moja iliyo nzima, michirizi hutokea. Ile mbovu hujificha nyuma ya nzima, vizazi na vizazi. Wazazi wote wawili wakiwa wameificha, kwa wastani mtoto 1 kati ya 4 hurithi mbovu mbili. Huyo hana wa kumwamuru. Unywele wake hutoka mweusi tangu shinani hadi nchani. Hakutumwa na mtu.

Rangi ya chungwa ina njia yake. Chembe yake imo katika kromosomu X. Dume anayo X moja, basi huwa wa chungwa au asiwe. Jike anazo mbili, na katika kila seli moja huzimwa angali tumboni, jambo alilolieleza Mwingereza Mary Lyon mwaka 1961 (kwa kuchunguza panya, si paka!). Ndiyo maana paka wa mabaka meusi na ya chungwa karibu wote ni majike. Mwaka 2025 wataalamu wa Japani na Marekani walitangaza chanzo cha rangi hiyo: kipande kidogo cha urithi kilichopotea karibu na jeni iitwayo ARHGAP36.

Mama yule alinisikiliza huku akigeuza usipa wake. Kisha akauliza, "Na panya atakamata?"

"Kama nduguze, mama."

Akafungua kikapu. Lakini akataka nimweleze jirani yake pia, maana ndiye aliyeanzisha maneno. Jirani alikuwa shambani. Tukakaa kumngoja.