Mwalimu aliyeandika ndoa za Bagamoyo, akazuiwa kumleta mkewe nyumbani

Majina makubwa ya Bagamoyo tunayajua tangu shuleni. Livingstone, ambaye maiti yake ilifikishwa misheni Februari 1874, baada ya kubebwa miezi kadhaa kutoka kwa Chitambo na watu wake, wakiwamo Chuma, Susi na Jacob Wainwright. Stanley, aliyepanga hapo msafara wake wa kwanza mwaka 1871. Emin Pasha, aliyeanguka kutoka ghorofani usiku wa karamu, Desemba 1889. Sewa Haji, tajiri aliyeipatia misafara bidhaa na wapagazi. Wa zama zetu ni Hukwe Zawose na sauti yake iliyozunguka dunia, na Rais mstaafu Jakaya Kikwete wa Msoga.

Katika orodha hiyo kuna jina ambalo hutajwa mwishoni, na mara nyingi halitajwi kabisa: Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Dunda, hapo hapo Bagamoyo. Mimi mwenyewe nililikuta nikitafuta jambo jingine. Nilikuwa nasaka habari za ngoma za zamani za Mrima, nikakifungua kitabu chake cha desturi za Waswahili, nikafika kwenye sura za ndoa. Habari za ngoma zikangoja.

Anavyoeleza Mwalimu Mtoro, ndoa ya Bagamoyo ya wakati wake ilikuwa kazi ya watu wengi. Mwanamume hajiposei. Hutuma wazee, nao hawajibiwi papo hapo, maana baba wa binti hana kauli ya peke yake. Lazima awaulize ndugu wa kuumeni na wa kukeni. Wakikubaliana, ndipo ada zinapoanza kutajwa, moja baada ya nyingine, kila moja na mwenyewe. Mahari ni haki ya bibi harusi. Baba ana kilemba chake. Mama ana mkaja, yaani ile nguo ambayo mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Ana pia ubeleko, nguo aliyombebea mwanawe mgongoni. Kungwi naye ana haki yake, kwa kuwa ndiye anayemfunda mwari na kumsimamia ndani ya fungate, siku saba za maharusi kutotoka.

Hapo kwenye mkaja na ubeleko ndipo niliposimama. Mkwe anatakiwa alipe, kabla hajapewa mke, tumbo lililombeba binti huyo na mgongo uliomlea. Nguo hizo huenda zilikwisha kuchakaa miaka kumi na tano iliyopita, lakini siku ya harusi deni lake linaamka. Mwandishi haongezi maneno ya kutusisimua. Anaandika kama mtu aliyekaa kwenye mikeka ya shughuli hizo tangu utotoni, anayejua nani asipopewa chake atanuna, na kwamba mama aliyenyimwa mkaja hawezi kumtoa mwanawe kwa moyo mweupe. Nimesoma maandishi mengi ya wageni kuhusu harusi za pwani. Wanasimulia mavazi, vyakula na vigelegele. Huyu anasimulia madeni ya heshima, nani anamwia nani, na kwa nini.

Ni hivyo hivyo katika sura nyingine. Anamfuata mwanadamu tangu ujauzito, uzazi na kupewa jina. Anampeleka chuoni kwa mwalimu wa Kurani na kumtaja mwalimu huyo pamoja na ada yake. Anapita jandoni na unyagoni, kwa waganga wa pepo, kwa majumbe na mashauri yao. Anaeleza mfanyabiashara anavyokopa mali kwa Mhindi ili aende bara, na kirongozi anavyotangulia mbele ya wapagazi. Habari ya utumwa haikwepi. Anapambanua mjinga, aliyeletwa karibuni kutoka bara, na mzalia, aliyezaliwa pwani. Na anasema wazi kwamba zamani mavazi ya mtumwa yalikuwa na mipaka yake mbele ya waungwana. Anapoeleza jambo la aibu sauti yake haipandi wala haishuki, na hilo linamwachia msomaji kazi ya kulipima mwenyewe.

Mtu huyu alizaliwa karibu na mwaka 1869. Alisoma dini Bagamoyo, akaona kwa macho yake mji ulivyobadilika kutoka mikono ya Sultani wa Zanzibar kwenda kwa Wajerumani. Mwaka 1900 alipelekwa Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichoanzishwa mwaka 1887. Waliokaa mbele yake walikuwa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakijiandaa kuja huku kwetu. Profesa wa Kijerumani alifundisha kanuni za sarufi. Mtoro aliwafundisha kutamka, kuzungumza, na kusoma barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo walizokuwa wakiandikiana watu wa pwani. Kwa hiyo ofisa aliyeshuka Dar es Salaam akijua kuamkia huenda aliamkiwa kwanza na mtu wa Dunda.

Kitabu kilitoka Göttingen mwaka 1903, kwa Kiswahili, na tafsiri yake ya Kijerumani mwaka huohuo. Jina lililobebwa na jalada ni la Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya koloni kabla ya kuwa mwalimu Berlin. Yeye ndiye aliyeyakusanya maandishi na kuyahariri. Kwa miaka mingi, mtafiti aliyetaka kunukuu habari za jando la Bagamoyo aliandika Velten, kana kwamba Velten ndiye aliyetahiriwa huko. Mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka California, na jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari likaingia kwenye kichwa cha kitabu, pamoja na Waswahili wengine waliochangia. Ilikuwa miaka 78 baadaye, na mwenyewe alikwisha kufariki.

Lakini kilichoninyima utulivu ni yale yaliyomfika baada ya kitabu.

Mwaka 1904, Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, huko Berlin. Ndoa hiyo ilikuwa halali kwa sheria ya Ujerumani. Mwaka uliofuata kazi ya chuo ikaisha katika hali ya kutoelewana, naye akafanya ambalo mwana yeyote wa pwani angelifanya: akafunga mizigo, akamchukua mkewe, akapanda meli kurudi kwao. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, serikali ya Gavana von Götzen ikamkatalia kushuka na mkewe. Wakarudishwa Ujerumani.

Sababu haikuwa ya siri. Watawala waliona kwamba Mzungu mwanamke akiishi mtaani Bagamoyo kama mke wa Mwafrika, heshima ya utawala itaporomoka. Wanaume wa Kijerumani walioishi na wanawake wa Kiafrika walifumbiwa macho; ndoa hii haikufumbiwa. Mwaka huohuo, 1905, koloni la Kijerumani la Kusini-Magharibi mwa Afrika lilipiga marufuku ndoa za weupe na weusi. Huku kwetu marufuku ilikuja mwaka 1906. Maana yake Mtoro alizuiwa kabla hata ya marufuku kutangazwa. Na mwaka huo wa 1905 ndio ambao vita vya Maji Maji vililipuka kusini, serikali ikiwa na hofu ya kila kitu.

Nauliza maswali ambayo sioni kitabu kikiyajibu. Mtu aliyeorodhesha kila ada ya harusi, mpaka nguo ya mgongoni kwa mama, alifunga vipi ndoa yake mwenyewe? Nani alitumwa kuposa Berlin? Mama yake Bertha alipewa mkaja, au alielezwa angalau kwamba Bagamoyo angekuwa na haki nao? Na Dunda, je, wanawake walikwisha kuambiwa kwamba mke wa Mtoro yuko njiani, wakaanza kujadiliana nani atakayempokea?

Kuna swali jingine, gumu zaidi. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya wanafunzi waliokuja kututawala. Kila desturi aliyoieleza ilikuwa elimu kwa msomaji mwema, na pia ufunguo mikononi mwa hakimu na mtoza kodi. Mtoro hakuwa mjinga wa hilo. Aliwaona wanafunzi wake ana kwa ana, na dharau zao zikamfikia. Alichagua nini cha kusema na nini cha kuficha? Yapo mambo ya unyagoni na ya waganga ambayo mtu huapishwa asiyatoe nje. Namsoma nikihisi kwamba mahali fulani anasita. Siwezi kuthibitisha, wala sitaki kumhukumu.

Baada ya kurudishwa, aliendelea kuishi kwa lugha yake. Kuanzia mwaka 1909 alifundisha Hamburg, kwenye Taasisi ya Kikoloni, akifanya kazi na Carl Meinhof, mtaalamu mkubwa wa lugha za Kibantu. Baadaye alirudi Berlin, akawa anazunguka kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki kwa hadhira za Kijerumani. Tafakari hali hiyo. Anasimama jioni katika ukumbi wa mji wa baridi, anawasimulia watu waliolipa kiingilio jinsi mji wake unavyooza na kuoa, na katika mji huo haruhusiwi kumpeleka mkewe. Vita Kuu ikapita, koloni likawatoka Wajerumani, naye akabaki huko huko. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Sina ugomvi na Livingstone kutajwa Bagamoyo. Maiti yake ilipita pale na watu waliombeba walifanya jambo la kishujaa. Ila wengi wa wasafiri mashuhuri walipita. Walikaa muda mfupi wakingoja wapagazi au jahazi, wakaandika kurasa kadhaa kuhusu joto na mbu, wakaondoka. Mtoro ndiye aliyeuandika mji kutoka ndani, kwa Kiswahili cha wenyewe, tangu mtoto anapopewa jina hadi mjane anapokaa eda. Tukitaka kujua babu zetu wa Mrima waliishi vipi kabla koloni halijakomaa, kwake ndiko tunakokwenda, hata tusipojua kwamba ni kwake.

Kinachotakiwa hakina gharama kubwa. Kitabu chake kichapishwe hapa nchini kwa Kiswahili, jina lake likiwa la kwanza kwenye jalada. Wanafunzi wa sekondari za Bagamoyo wakisome, wabishane nacho, waende kuwauliza bibi zao ni ada zipi zimebaki na zipi zimekufa. Waongozaji wa watalii wanaoanza na misheni na Boma waanze na Dunda. Serikali iliyomkatalia kushuka imekwisha kuondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sasa anayeweza kumpokea ni sisi, na hatuna kisingizio.